BoT (Benki Kuu) wameshusha riba, bondi yangu imepanda bei, mkopo wangu uko pale pale. Nani anielezee?

#1 Mtumishi_Mtumba

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtumishi wa kawaida hapa Dodoma, kila asubuhi na kagari kwenda Mtumba. Mwaka jana 2024 nilikusanya kusanya (SACCOS, mauzo ya mbuzi, na hela ya likizo ambayo mke hajui mpaka leo) nikapata milioni 10 nikaingia bondi ya serikali ya miaka 25 (yaani nimeikopesha serikali), ile ya kuponi 15.75, ndo asilimia wanayonilipa kwa mwaka. Kila miezi sita inaingia 787,500, haikatwi kodi, naishi nayo vizuri.

Juzi dalali wa soko la hisa kanipigia anasema ana mteja anainunua kwa 112. Yaani kila shilingi mia niliyoweka ananipa 112, jumla milioni 11 na laki mbili. Nikamuuliza kwani mimi nimefanya nini cha ajabu, akanijibu hujafanya kitu, riba zimeshuka.

Hapo ndo nikachanganyikiwa. Julai hii 2025 BoT wameshusha riba yao kutoka 6 kwenda 5.75, yaani robo asilimia. Robo asilimia inanipaje mimi milioni na laki mbili? Na kama kweli riba zimeshuka mbona mkopo wangu wa mshahara benki bado wananikata kwa 16 kama mwaka juzi? Aliyeelewa anifafanulie kwa lugha ya Majengo sokoni, sio ya ukumbini.

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimewahi siti. Wajuzi pitieni huku.

#3 Mpwapwa_Boy

Mkuu mimi nina 105 keshi, leo leo. Usimsikilize huyo dalali.

#4 Binti_Mvumi

Mleta uzi, chukulia una fremu pale Majengo umepangisha kwa mkataba wa miaka 25, mpangaji anakulipa 15.75 kila mwaka na hawezi kukimbia. Fremu za jirani zinazopangishwa leo zinalipa 14. Mtu mwenye hela akiangalia pande zote mbili anataka mkataba wako, sio wa jirani, na wanaoutaka wako wengi, kwa hiyo wanaongeza dau mpaka ifike mahali ambapo kuununua wako kwa bei ya juu na kununua mpya kwa mia ni sawa sawa. Nimepiga hesabu, bondi mpya zikiwa zinalipa 14, yako inafika 112 kweli. Dalali hajakudanganya.

Ila ujue inapanda hivyo kwa sababu ni ya miaka 25. Ingekuwa imebakiza miaka miwili tu ungepata kama 103. Na siku soko likidai 18 hiyo hiyo itashuka mpaka 88 hivi. Refu inarusha juu na inatupa chini, usije ukasema hukuambiwa.

#5 Mtumishi_Mtumba

Binti_Mvumi ahsante, hapo nimekupata kabisa. Swali linabaki: BoT kashusha robo, soko limeshusha toka 15.75 mpaka 14, hiyo ni moja na robo tatu. Nyingine katoa nani?

#6 Mwamba_wa_Nkuhungu

BoT walikuwa 7 wakashusha mpaka 5.75 kwa hiyo sio robo ni zaidi ya moja. Halafu hiyo 5.75 ndo riba ya kukopesha wananchi, mabenki yanatupiga tu.

#7 Mkaguzi_Mstaafu

Mwamba hapo juu umechanganya madawa yote kwenye kikombe kimoja. Huu mfumo wa kutangaza riba ya Benki Kuu umeanza Januari 2024, wakaanza na 5.5, Aprili 2024 wakapandisha 6, wakakaa hapo zaidi ya mwaka, Julai 2025 ndo 5.75. Hiyo 7 unayoisema ni riba nyingine ya zamani ambayo BoT ilikuwa inakopesha mabenki, na hiyo ilitoka 16 mwanzoni mwa 2017 mpaka 5 mwezi Mei 2020.

Na 5.75 sio riba ya kukukopesha wewe. Ni mwongozo wa bei ambayo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa siku saba, na inaruhusiwa kucheza asilimia mbili juu na mbili chini, yaani kati ya 3.75 na 7.75. Ikitoka nje ya hapo BoT wanaingia, wanamwaga hela au wanafyonza. Sisi huku chini tunasikia mwangwi tu.

#8 Mwamba_wa_Nkuhungu

Sawa mzee nimenyoosha mikono. Ila kama 16 ilishuka mpaka 5 ndani ya miaka mitatu na mikopo yetu ikabaki kwenye 16, 17 basi point yangu ya kupigwa iko pale pale.

#9 Gunia_Moja

Mimi ni wa Kibaigwa sokoni, mahindi. Sijasoma uchumi ila hiki kitu mnachozungusha naona kama nakifanya kila mwaka. Mwezi wa tano na wa sita wakulima wanaleta mzigo, bei iko chini. Mimi nikiamini Januari gunia litapanda nafunga stoo siuzi. Jirani yangu naye akiamini hivyo anafunga. Tukifunga wote bei inapanda mwezi huu wa nane, njaa haijafika, mvua haijagoma, hamna kilichobadilika isipokuwa vichwa vyetu. Kwa hiyo mleta uzi, hao wanaonunua bondi hawanunui robo ya BoT, wananunua wanachokiona mbele. Wamesema kama kashusha leo atashusha tena, wakaingia mapema kama sisi tunavyoingia Kiteto kabla ya wenzetu.

Ila niwaambie na hili, BoT akipandisha riba mvua hainyeshi. Chakula kikipungua kimepungua.

#10 Binti_Mvumi

Gunia_Moja umeelezea matarajio kuliko walimu wangu. Ila hiyo ya mvua sikubali yote. Ukiwa umejaza stoo kwa mkopo, riba ikipanda kila mwezi wa kukaa na gunia unakugharimu zaidi, utauza Oktoba badala ya Januari. Bei inapoa bila mvua.

#11 Gunia_Moja

Mimi sikopi benki dada, nakopa kwa shemeji. Riba yake ni maneno.

#12 Kiti_cha_Mbele

😂😂 na hiyo haina siku saba wala asilimia mbili juu na chini

#13 Babu_Bati

Vijana mbukwenyi. Mnaongea matarajio kama kitu cha kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa mwalimu Mpwapwa miaka ya themanini, mfumuko wa bei ulikuwa unacheza kwenye asilimia 30 na zaidi kwa mwaka, na mshahara ukitoka hakuna aliyefikiri kuuweka benki, siku ile ile unatafuta bati. Hujengi. Huna hata kiwanja. Unanunua bati tano unaziegesha ukutani ndani, wageni wakija wanakaa katikati ya bati, kwa sababu bati la mwezi ujao lingekuwa bei nyingine na hela yako ile ile. Mtaa mzima ulikuwa hivyo, wengine baiskeli, wengine ngombe. Sasa mtu aliyeishi vile mwambie leo mfumuko ni 3 na utabaki 3 miaka 25, atakuangalia tu. Ndo maana serikali inalipa 15 kwenye bondi wakati bei zinapanda kwa 3 na pointi. Ile 12 ya katikati ni kumbukumbu yetu.

Na 2011 mmeshasahau? Ulifika 30 tena.

#14 Mkaguzi_Mstaafu

Mwalimu shikamoo. Ya themanini nakubali. 2011 haikufika 30, ilikuwa 19.8 mwezi Desemba, ndo kilele. Chakula na mafuta ndo vilitupeleka, na shilingi nayo ilianguka mwaka ule. Lakini hoja yako ya kumbukumbu ni nzito, mimi mwenyewe nina bati sita nyuma ya nyumba mpaka leo na sijui nazifanyia nini.

#15 Babu_Bati

Marahaba. Sawa, 19.8. Kwa mfuko wangu ilikuwa 30.

#16 Dalali_wa_Nala

Babu kasema ukweli halafu nyie mnahangaika na makaratasi. Toka serikali ihamie Dodoma aliyenunua kiwanja Nala, Ihumwa, Mtumba kule, hajawahi kulia. Ardhi haishuki. Wanaotaka hati safi waje PM.

#17 Mpwapwa_Boy

Ardhi haishuki ila nayo haiuziki ukiwa na mgonjwa hospitali saa nane usiku. Mimi nina kiwanja mwaka wa tatu natafuta mteja, kila anayekuja ni dalali kama wewe.

#18 Mtoto_wa_Chimwaga

Napita na mimi, nasoma uchumi UDOM mwaka wa tatu. Babu_Bati anasema ile 15 ni kumbukumbu ya mfumuko. Mimi sidhani. Angalieni nani anaingia kwenye mnada wa bondi: mabenki, mifuko ya hifadhi ya jamii, bima, na mifuko ya pamoja kama ya UTT. Wachache na wakubwa. Wakiwa na hela nyingi na hamna pa kuipeleka wanagombania na bei inapanda, wakikaukiwa wanadai kubwa. Mwananchi wa bati hayumo pale. Kwa hiyo hiyo moja na robo tatu ya mleta uzi mimi nasema ni ukwasi, mabenki yana hela, sio kwamba watu wameamini kitu.

Halafu mnaposema kushusha riba kunafanya kitu fulani, inategemea nani anashusha na lini. Uturuki mwaka 2021 kuanzia Septemba walishusha kutoka 19 mpaka 14 ilipofika Desemba huku mfumuko uko juu, lira ikaporomoka, na Oktoba 2022 mfumuko ukapita 85. BoT kashusha Julai mfumuko uko 3.3, ndani ya lengo lao la 3 mpaka 5, na shilingi haikuanguka, imeimarika. Tendo moja matokeo mawili.

#19 Mwamba_wa_Nkuhungu

Hapo hapo kwenye shilingi. Nilifundishwa riba ikishuka hela inakimbia nje na shilingi inalegea. Dola ilikuwa karibu 2,700 mwezi wa nne wa tano, sasa imeshuka na riba pia imeshuka. Nani mwongo?

#20 Mkaguzi_Mstaafu

Hakuna mwongo, kuna msimu. Kuanzia katikati ya mwaka watalii wanajaa, tumbaku inauzwa, baadaye korosho. Ongeza dhahabu, bei yake duniani imepaa na toka Oktoba 2024 wauzaji wanatakiwa kutenga 20% iuzwe hapa ndani, BoT ananunua kwa shilingi.

#21 Mama_Ilazo

Mimi nasema ni ile kanuni ya Machi 2025 ya kukataza kulipana kwa dola humu ndani. Nina mpangaji, sitasema wa nchi gani, nilikuwa namdai kwa dola kwa sababu nilijua shilingi italegea tu (matarajio haya haya mnayosema). Kanuni ilipotoka nikabadilisha mkataba, na zile dola nilizokuwa nimeficha kwenye kopo la unga nikazipeleka kubadilisha. Tulikuwa foleni. Kila mtu na kopo lake.

#22 Mtoto_wa_Chimwaga

Au ni dola yenyewe imelegea dunia nzima mwaka huu, hata pesa za wenzetu zimepanda juu yake.

#23 Mpwapwa_Boy

Kwa hiyo sababu nne na wote mko sahihi. Uchumi bana.

#24 Mlimwengu_Kisasa

Mleta uzi usichekelee sana hiyo 112 mpaka usikie yangu. 2022 serikali ilipunguza kuponi, ile ya miaka 25 iliyokuwa 15.95 ikaletwa 12.56. Wenye za 15.95 wakaanza kuuza juu kama wewe sasa. Mimi nikaona riba zinazidi kushuka, nikawaza nikichelewa nitakuta 10, nikaingia na milioni 5 kwenye 12.56. 2024 zikaletwa za 15.75 kama yako. Nikapata shida ya ada, nikampigia dalali, akaniambia 80. Yaani milioni yangu 5 ni milioni 4. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi dakika kumi nzima.

Sikuuza. Nilikopa kwa kaka. Naendelea kula 314,000 yangu kila miezi sita na sasa naambiwa imerudi kwenye 90. Hasara ilikuwepo au haikuwepo? Mpaka leo sijui nijibu nini.

#25 Binti_Mvumi

Mlimwengu pole sana. Haikuwepo kwa sababu uliweza kusubiri. Ingekuwa benki yenye wateja mlangoni ingekuwepo kweli kweli. Silicon Valley Bank kule Marekani Machi 2023 kilichoiua ni hicho hicho. Walijaza bondi ndefu riba ikiwa chini, Fed (Benki Kuu yao) akapandisha toka karibu sifuri Machi 2022 akaenda mpaka karibu 6, bondi zao zikashuka bei, wenye amana wakawa wanatoa hela, ikabidi wauze kwa hasara, habari ikasambaa na wenye amana wakaja wote kwa pamoja. Bondi za serikali ya Marekani na taasisi zake, sio za matapeli.

#26 Mkaguzi_Mstaafu

Rekebisho dogo, Fed aliishia 5.25 hadi 5.50 Julai 2023. Na benki ilipokufa Machi alikuwa hata hajafika huko. Mengine yote sawa.

#27 Mtoto_wa_Chimwaga

Na sababu ya Fed kukaza vile ni matarajio. Mfumuko wao ulifika 9.1 Juni 2022, waliogopa watu wasianze kuishi kama Babu_Bati. Walishawahi kupitia, mwaka 1979 Volcker aliingia kuwa mkuu wa Fed akakaza mpaka riba ikagusa karibu 20, ajira zikapotea vibaya, mfumuko wa mwaka mzima ukatoka 13 na nusu 1980 ukafika 3 na kitu 1983. Ila nani alilipa ile gharama, hilo darasani wanalipita haraka.

#28 Mwamba_wa_Nkuhungu

Wakuu mmeruka mpaka Marekani, mkopo wa mshahara hamjajibu. 16!!

#29 Mama_Ilazo

Nilikuwa nafanya kazi benki (sitaji). Kwanza soma mkataba wako, mikopo mingi ya mshahara riba imefungwa toka siku ya kusaini, BoT ashushe mpaka sifuri wewe utalipa ile ile mpaka umalize au uombe kuufanya upya. Pili benki haikukopeshi hela ya siku saba, inakukopesha amana za wateja wakubwa waliofunga hela zao mwaka mzima kwa riba nzuri, hiyo haishuki kesho. Tatu kuna wasiolipa, unawalipia wewe unayelipa. Na nne, benki ikiulizwa ikukopeshe wewe kwa 15 au inunue bondi ya serikali ya 14 isiyo na kodi na haitoroki, ichague nini? Bondi yako Mtumishi ndo inayoshindana na mkopo wako.

#30 Mtumishi_Mtumba

Mama_Ilazo hiyo ya nne imenichoma. Yaani najikopesha mwenyewe kupitia kwa watu wawili?

#31 Mama_Ilazo

Na wote wawili wanakula katikati 😄 Lakini bora wewe wa 16, nenda kaulize wa kausha damu hapo mtaani kama wameisikia Kamati ya Sera ya Fedha ya BoT.

#32 Ngombe_wa_Bahi

Mimi naomba kuuliza kitu tofauti, huo mfumuko wa 3.3 unapimwa wapi? Maana mchele, nyama na nauli za huku havijui hiyo namba.

#33 Mkaguzi_Mstaafu

NBS (ofisi ya taifa ya takwimu) wanapima kapu zima la matumizi, na chakula na vinywaji visivyo vileo vina uzito wa asilimia 28.2 tu kwenye kapu. Kwako wewe chakula huenda ni nusu ya matumizi au zaidi, kwa hiyo mfumuko wako sio wa taifa. Halafu 3.3 haina maana bei zimeshuka, ina maana zinapanda taratibu juu ya pale zilipokwisha panda.

#34 Babu_Bati

Mnaona sasa? Anayepanga bei ya maandazi hapa Chang'ombe anaangalia kapu lake, sio la NBS. BoT wanatakiwa watulize huyu.

#35 Gunia_Moja

Na mimi.

#36 Mpwapwa_Boy

Swali la kizushi, zabibu safari hii vipi? Nina ekari moja Hombolo na mnunuzi hajarudi toka Machi.

#37 Kiti_cha_Mbele

Kafungue uzi wako huko

#38 Mlimwengu_Kisasa

Mtumishi_Mtumba kabla hujauza fanya hesabu hii ambayo mimi sikuifanya. Ukiuza kwa 112 una milioni 11.2. Ukirudi mnadani ukanunua ya 14 utapata 1,568,000 kwa mwaka. Sasa hivi bila kuuza unapata 1,575,000. Umezunguka mji mzima kurudi nyumbani na pungufu ya elfu saba, na dalali kachukua yake. Kuuza kuna maana kama unataka hela kwa kitu kingine au unaamini riba zitapanda tena. Na hilo la pili ndo kamari yenyewe.

#39 Mtoto_wa_Chimwaga

Au apeleke kwenye hisa za mabenki, mwaka huu pale DSE (soko la hisa Dar) zimepanda sana. Nadhani ni hela hii hii inayokimbia riba ndogo.

#40 Mama_Ilazo

Zimepanda kwa sababu ya gawio, sio BoT.

#41 Mtoto_wa_Chimwaga

Gawio lilikuwepo na mwaka juzi mama.

#42 Mtumishi_Mtumba

Wakuu nashukuru, nimesoma yote, mengine mara mbili. Leo mchana dalali kapiga tena, sasa ni 113. Nimemuuliza wiki ijayo itakuwa ngapi akasema yeye sio mganga, ila wateja wake wanaamini Benki Kuu atashusha tena mbeleni. Nikamuuliza na asiposhusha? Kakata simu, au mtandao. Bado sijauza. Tatizo jipya ni kwamba mke kaona meseji ya 11,300,000 na anataka kujua milioni 10 ya kwanza ilitoka wapi.

#43 Dalali_wa_Nala

Mwambie ni ya kiwanja. Kipo kimoja kona, njoo PM.

#44 Gunia_Moja

Kaka ukiuza nishtue, stoo yangu ina nafasi ya magunia 200 na wakulima bado wanaleta.